Mbuzi Wawili, Sufuria Moja

Mwezi uliopita nilikwenda Kisauni kumzika Bi Zuwena. Kusema kweli sikumzika, maana nilipofika wanaume walikuwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini, nami nikakaa ndani na wanawake, juu ya mkeka, goti langu bovu nimelinyoosha mbele za watu bila adabu. Bi Zuwena alikufa mzee sana, mzee wa kusahau majina ya wajukuu lakini si wa kusahau nani alimpikia wali mbichi. Chumba kilikuwa kimejaa vitukuu wake na harufu ya ubani, na kila aliyeingia alijua pa kukaa ila mimi. Msichana mmoja mpole, nadhani ni mke wa mjukuu, alinimiminia kahawa, akauona msalaba shingoni mwangu, akaniuliza kwa heshima zote, "Samahani bibi, wewe ni nani wake marehemu?" Ningesema nilikuwa mpangaji ningesema uongo, kwa kuwa sikulipa kodi hata siku moja. Ningesema nilikuwa mtumishi, Bi Zuwena angefufuka anikemee. Ningesema ni mwanawe, na wanawe wa kuzaa walikuwa pale pale wanalia. Nikamwambia kwamba hiyo ni hadithi ndefu. Akatabasamu kama vijana wanavyotabasamu tunapotishia kuwasimulia, akaondoka na birika lake. Basi nitaisimulia hapa, ambapo hakuna anayeweza kunikimbia.

Habari za wazazi wangu zina mahali pake, sitaziingiza humu. Inatosha kujua kwamba nilikuwa msichana wa Kigiriama wa miaka kumi na minane, jina langu Kadzo, na kwamba mwaka ule wa Uhuru, mara tu baada ya Idi, mjomba wangu aliyekuwa akimletea Bi Zuwena nazi kutoka kwetu alinileta na mimi juu ya mzigo wa nazi ili nijifunze kushona kofia. Nyumba ilikuwa ya udongo na mawe, imepakwa chokaa, paa la makuti, kando ya njia ya kutoka Kengeleni kwenda Mishomoroni. Mbele kulikuwa na baraza ambayo sikuruhusiwa kuikalia, kwa sababu mwana wa watu hakai barazani akahesabiwa meno na wapita njia. Nyuma kulikuwa na ua, na uani ndimo maisha yote yalimokuwa: jiko, mtungi, kinu, mkeka wa kushonea, na paka dume mweupe mwenye kichwa kikubwa. Paka huyo Bi Zuwena alimwita Bwana Shauri, jina ambalo watu walimwitia mkuu wa wilaya wa Kizungu, kwa maana, alisema, anakula cha watu, hana jembe, na kila ugomvi lazima aje autazame. Chumba changu kilitazamana na jiko. Kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati na dirisha moja dogo lililoniletea moshi asubuhi na harufu ya vitunguu jioni. Sijawahi tena kulala vizuri kama nilivyolala mle.

Bi Zuwena alikuwa mjane, na wanawe wawili walikuwa mabaharia, wakirudi nyumbani mara moja kwa mwaka na vitambaa na maneno ya kigeni. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye vidole vyembamba visivyofanana na mwili wake. Alichora maua kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, nami nikavitoboa vile vitundu vidogo na kuvizungushia uzi mmoja mmoja, na nilipokosea alifumua kazi ya siku nzima bila huruma, kisha akanipa kaimati ili nisilie. Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi. Mchana tulikula wali wa nazi na mchuzi wa papa, au mchicha, au kile kilichobaki jana kikiwa kimetiwa ndimu kujifanya kipya. Siku ya kwanza nilikaa kando nikingoja nipakuliwe changu, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwetu kwamba watu wa pwani hawali na sisi chombo kimoja. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema siumwi. Akasema basi kama siumwi nisogee, sinia lina pande mbili. Toka siku hiyo tulikula pamoja, na kila mara kipande kizuri cha samaki alikisukuma upande wangu kwa mgongo wa vidole huku akilalamika kwamba yeye ameshiba, naye hakuwa ameshiba.

Kila alasiri shoga yake, Bi Khadija, alikuja kwa mazungumzo, na mimi nikiwa chumbani nyuma ya pazia niliyasikia yote, maana wote wawili walikuwa na masikio mazito na waliamini kwamba dunia nzima inayo kama yao. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimepangiwa jina. Mfungo sita ukifika, mwezi wa maulidi, inshallah nitasilimu na nitaitwa Zaituni. Bi Khadija alipenda Zulekha. Walibishana juu ya majina hayo siku nyingi, kwa furaha, kama watu wanaochagua jina la mtoto atakayezaliwa. Kitambaa cheusi cha buibui langu kilikuwa tayari sandukuni. Mimi sikukataa wala sikukubali. Nilikuwa nakula vizuri, na mtu anayekula vizuri hapendi kubadili mazungumzo. Wala hapakuwa na la ajabu: wengi wa kwetu walioshuka mjini walisilimu, wakaoa na kuolewa, wakawa watu wa mji. Nami nilimpenda Bi Zuwena. Nilipomsikia alfajiri akitawadha uani, maji yakidondoka polepole, nilijiona salama. Laiti angekuja mtu aniulize wakati ule dini yangu ni ipi, ningemjibu kwamba ni ya nyumba hii.

Aliyeniharibia mipango hiyo ni Mama Karisa, Mgiriama mwenzangu aliyetuuzia mchicha. Jumapili moja alikuja mlangoni anachechemea, mguu umeteguka, akamwomba Bi Zuwena ruhusa nimbebee kikapu mpaka nyumba yao ya sala kule Mishomoroni. Bi Zuwena akasema niende, nikasikize Kigiriama changu kidogo kisije kikaota kutu. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha udongo, mabenchi ya mbao za masanduku, meza yenye kitambaa kilichofumwa, na joto la kutosha kuivisha muhogo. Niliingia kwa ajili ya kivuli, hilo nalisema wazi. Waliimba kwa nguvu na bila mpango, kisha wakainama, na kila mtu akaanza kuomba kwa sauti yake, wote kwa pamoja. Mama Karisa alikuwa kando yangu. Alikuwa akimweleza Mungu, kwa Kigiriama, habari za paa lake. Alimwambia linavuja upande wa kitanda. Alimwambia makuti mapya ni ghali, na kwamba baba Karisa akipata chochote anapitia kwanza kwa mgema, na akamwomba asimuue, ila amtie kichefuchefu kidogo cha tembo. Kisha akamshukuru kwa mchicha. Hayo yote aliyasema kama mtu anayezungumza na jirani juu ya ua.

Nilishangaa kiasi kwamba nilisahau kuinamisha kichwa. Kwetu, kusema na walio ng'ambo ya maisha haya ilikuwa kazi ya wazee. Walimwaga tembo chini, wakawaita koma, wahenga waliokwisha kufa, kwa majina, na mwanamke mwenye haja aliipitisha kwa mumewe au mjombake, ikafika huko imekwisha kupunguzwa. Kwa Bi Zuwena sala ilikuwa kwa Kiarabu. Niliiheshimu, ikanituliza, lakini nilikuwa kama mgeni anayesikia wenyeji wakizungumza chumba cha pili. Na sasa huyu hapa muuza mchicha, na mguu wake ulioteguka, anamwambia Mwenyezi Mungu kwamba paa linavuja upande wa kitanda. Nilirudi nyumbani nikashona mpaka jioni. Baadaye, nikiwa nimeketi na kofia yangu mapajani, uzi umenikatikia mara ya tatu, nikajaribu. Nilisema kwa Kigiriama, kimoyomoyo, kwamba mimi ni Kadzo, niko kwa Bi Zuwena, na huu uzi unanitesa. Sikuona nuru wala sikusikia sauti. Lakini nilijua, kama mtu anavyojua gizani kwamba chumbani kuna mtu mwingine, kwamba nimesikilizwa. Nilifurahi hata nikacheka peke yangu, na Bi Zuwena akauliza jikoni kama nimeokota nini.

Nikaanza kwenda kila Jumapili, na Bi Zuwena hakunizuia, akidhani nafuata Kigiriama. Mwalimu wa ubatizo alikuwa Mwalimu Zakayo, Mtaita mwembamba aliyekuwa karani wa ghala siku za kazi na mhubiri siku zilizobaki. Alikuwa na suruali moja nzuri ambayo tulijua mikunjo yake yote. Alitufundisha amri na sala na imani kwa kukariri, akipiga meza kwa rula, na mtu akikosea alimrudisha mwanzo kabisa, kwenye uumbaji. Mimi nilikuwa hodari wa kukariri lakini pia hodari wa maswali. Nilimuuliza kama Mungu anajua Kigiriama cha Kaloleni au cha Jilore, maana vinatofautiana. Nilimuuliza kama babu yangu aliyekufa bila kusikia haya yupo wapi. Swali la kwanza alicheka. La pili alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akasema hajui, ila amemwona Yesu anavyowatendea wanaolia na hivyo hana hofu na babu yangu. Nilimwamini zaidi kwa lile hajui kuliko kwa yote aliyoyajua. Ndiyo, nilimwamini na Yesu wake. Mtu aliyekaa kula na kila mtu, aliyegusa wagonjwa kwa mkono, aliyesikiliza wanawake hadharani wanaume wakiguna: huyo nilimtaka. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo na nimekaa na wasomi wa dini, na sijapata sababu iliyo bora kuliko hiyo.

Mfungo sita ukaja. Alasiri moja Bi Zuwena alitoa kile kitambaa cheusi sandukuni, akanisimamisha uani anipime, pini mdomoni, Bwana Shauri anatutazama juu ya kinu. Alikuwa amefika mabegani nilipomwambia. Nilisema, "Mama, mimi nimeamini kule. Nataka kubatizwa." Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele, na ningezipenda kelele. Alizitoa pini mdomoni moja moja, akazitia kwenye kijaluba chake. Akakikunja kitambaa kwa makini, akikilinganisha pembe kwa pembe. Kisha akasema, "Nilitaka siku ya kufufuliwa nitazame kando yangu, nikuone. Ndilo nililolitaka. Sina jingine." Akaenda kutazama wali. Nimesikia mahubiri mengi katika maisha yangu, na hakuna yaliyonipasua moyo kama maneno hayo. Nilikaa chini pale uani nikalia, kwa sababu nilijua kwamba ananipenda, na kwa sababu nilijua kwamba sitabadili nia.

Toka siku ile hakuniita tena kwa jina. Ni lazima mtu aelewe kwamba kabla ya hapo aliniita kutwa nzima, kwa haja na bila haja, "Kadzo wee," nami nikajibu "Abee," na mara nyingine nikifika alikuwa amesahau aliniitia nini. Sasa alinyamaza. Hakuniacha na njaa hata siku moja, wala hakuacha kukisukuma kipande cha samaki upande wangu. Ila maneno yote aliyapitisha kwa paka. "Bwana Shauri, mwambie mtu wali unaungua." "Bwana Shauri, huyo aliyeshona ua hili, kalala usingizi?" Mimi nami nikajifunza kujibu kwa njia hiyo hiyo. Nilimwambia Bwana Shauri kwamba nazi zimekwisha, nikamwambia kwamba naomba ruhusa ya kwenda kisimani, naye akatusikiliza sote wawili kwa uso mkavu wa serikali. Bi Khadija alipokuja alikuta vikao vya baraza la paka, akacheka mpaka akashika mbavu, lakini akiondoka nilimsikia akimwambia Bi Zuwena pole. Walikuwa wamekwisha kuwaambia majirani habari za Zaituni. Ilikuwa aibu kwake, na mimi ndimi niliyemletea. Mjomba alipoleta nazi na kuona hali ilivyo, alisema siku ya pili ya Krismasi atakuja na lori anirudishe nyumbani, isipokuwa mama mwenye nyumba aseme neno. Bi Zuwena hakusema neno. Nilihesabu kwamba nikishabatizwa nitakuwa nimepata Mungu na kupoteza mama, na kila nilipoomba nilimwambia Mungu kwa Kigiriama changu kwamba biashara hii haikukaa sawa.

Uhuru wenyewe uliingia tukiwa katika hali hiyo. Mji ulikuwa umepambwa, watu wakicheza ngoma mpaka Kengeleni, na watu wa mwambao wengine wakinong'ona barazani, hawajui kesho watakuwa wenyeji au wageni. Bi Zuwena alifunga mlango mapema, hivyo usiku ambao wenzangu wote wanawasimulia wajukuu wao mimi nililala. Asubuhi alimwekea paka maziwa, akamtazama, akasema, "Bwana Shauri, umesikia? Wenzako wanafunga mizigo." Nilicheka hata chai ikanitoka puani. Yeye aligeuka upesi kuelekea jikoni, lakini nilimwona mabega yakitikisika. Siku nzima ile nilikuwa na matumaini.

Ubatizo ulipangwa Krismasi, na hapo ndipo palipotokea mambo ya mbuzi. Kila mtu wa pwani anajua kwamba ukiwa na sherehe na majirani zako ni Waislamu, unamwomba Mwislamu achinje, ili wote wale. Mwalimu Zakayo alikuwa amefanya hivyo miaka yote, na mchinjaji wetu alikuwa Mzee Athumani, kakake Bi Zuwena, aliyekuja na kisu chake na kuondoka na shingo. Lakini mwaka ule tulikuwa na Ndugu Eliya, kijana wa bara aliyefanya kazi kwenye matangi ya mafuta Changamwe, mtu aliyeokoka sawasawa, mwenye sauti nzuri na dhamiri kali. Alisema kwa upole, machozi yakimlenga, kwamba hawezi kula nyama iliyosomewa dua isiyo ya Bwana wake. Wazee wakabishana mpaka jua likazama. Mimi nilisimama nikasema kwamba nimemwalika Bi Zuwena. Nilikuwa nimemwalika kweli, kupitia paka, na paka akajibiwa kwamba kanisani haendi mtu, lakini chakula cha jirani hakikataliwi. Kwangu mimi jibu hilo lilikuwa kila kitu. Mwishowe wakaafikiana: wanunuliwe mbuzi wawili, mmoja achinjwe na Mzee Athumani, mwingine na Ndugu Eliya, mabeseni mawili, meko mawili, na amani itawale. Kazi ya kupika akapewa Mama Karisa.

Siku ilipofika kasisi alitoka kisiwani, tukasimama mbele tukiwa tumevaa nyeupe. Jina nilikuwa nimekwisha kulichagua. Mwalimu Zakayo alinishauri niitwe Flora, kwa kuwa alimjua Flora mmoja mwenye adabu, nikakataa. Nilimwambia nataka Dorkasi, na sababu sikumwambia. Maji yalikuwa ya pipa, ya uvuguvugu, na kasisi hakuyabania. Yaliniingia masikioni na kifuani, na jina langu jipya nililisikia kutoka ndani ya maji hayo, mbali kidogo. Nilifurahi. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilisimama pale nikidondoka maji, nikijua kwamba mimi ni wa mtu na kwamba mtu huyo hatanisahau, na watu wote mle ndani niliwaona wazuri, hata rula ya Mwalimu Zakayo.

Tulipotoka nje nilimkuta Mama Karisa amesimama juu ya sufuria moja kubwa, anakoroga pilau. Moja. Mwalimu Zakayo akamuuliza sufuria ya pili iko wapi. Akasema ya pili ya nini? Akakumbushwa habari za mbuzi wawili na meko mawili. Akasema, bila kuacha kukoroga, kwamba aliambiwa, lakini wale mbuzi walikuwa mapacha wa mama mmoja, yeye mwenyewe aliwanunua kwa binamu yake, na hakuona sababu ya kuwatenganisha walipokufa, ilhali walipokuwa hai walilala pamoja. Tena kuni ni ghali. Sasa Ndugu Eliya hawezi kula kwa sababu ya nusu moja, na Bi Zuwena na majirani hawawezi kula kwa sababu ya nusu nyingine, na pilau ile, Mungu anisamehe, ilikuwa inanukia kuliko pilau zote nilizowahi kuzinusa. Kasisi alitazama mbinguni. Mimi nilitazama njia ya nyumbani, maana saa yoyote Bi Zuwena angetokea na wageni wake, akiwa amemeza aibu yake yote aje ale chakula changu, akute hakuna anachoweza kutia mdomoni. Nikavua viatu, nikakimbia.

Nilimkuta uani amevaa, buibui liko begani, anajifukiza udi. Sikumtafuta paka. Nilimwambia yeye mwenyewe, usoni, nikihema, habari za mapacha na kuni na sufuria moja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa juu ya kinu, akacheka. Alicheka kicheko cha miezi mitano, machozi yakamtoka, akalivuta buibui ajifutie, akanitazama gauni langu lililolowa, akacheka tena. Halafu akasimama na kuanza kutoa amri. Kakake akatumwa kwa baiskeli kwa wavuvi alete samaki wa changu, wote atakaowapata. "Samaki hana mchinjaji," alisema. "Mungu kamchinja mwenyewe. Huyo Eliya wenu atamkataa na huyu?" Akanitupia kanga nifunike gauni, akanionyesha mbuzi wa kukunia nazi, akasema kwamba leo mbuzi tuliyebakiwa naye ni huyo, nimkalie. Nikakaa, nikakuna. Samaki wakaja, wakapaliwa, wakachomwa, akawapaka tui zito lenye ukwaju na pilipili, na ua mzima ukajaa moshi na majirani waliokuja kuuliza kulikoni wakaishia kumenya vitunguu.

Nilikuwa katika nazi ya nne au ya tano aliponiuliza, mgongo amenipa, kama wamenipa jina gani. Nikamwambia Dorkasi. Akasema ni jina la dawa ya kikohozi, kwa nini nisingekaa na Mariamu, ambaye sote twamjua? Hapo ndipo nikamweleza sababu ambayo Mwalimu Zakayo sikumwambia. Nilimwambia kwamba Dorkasi alikuwa mwanamke mshonaji, akiwashonea wajane. Alipokufa wajane walikusanyika chumbani wakilia, wakionyeshana nguo alizowashonea kwa mkono wake, na Mungu akamrudisha kwao. Nikamwambia kwamba nilipoisikia habari hiyo nilimwona yeye na kofia zake, na kwamba nimeingia kule na sindano aliyonipa yeye, sina kitu kingine cha kumletea Mungu. Mkono wake uliokuwa ukipaka tui ulisimama. Mafuta yalitia mlio juu ya makaa. Mwishowe akasema, polepole, "Kufufua ni kwake, na kupanga ni kwake. Mimi nilikuwa nampangia." Akamgeuza samaki upande wa pili.

Tuliwabeba samaki kwenye masinia mpaka Mishomoroni, tukitembea mstari mmoja, mabuibui na gauni langu jeupe. Waliozoea pwani walikula pilau ya mapacha bila kuuliza chochote, Mwalimu Zakayo wa kwanza wao, na Mama Karisa hajatubu mpaka leo. Majirani walikula samaki. Ndugu Eliya aliinama juu ya samaki wake akaomba kwa muda mrefu, kisha akala akamaliza, akamkosa Bi Zuwena wa kumshukuru, maana wanawake walikuwa wameketi upande wa nyuma, akamshukuru Mzee Athumani mara mbili. Na mimi nilikuwa nimesimama katikati, mikono mitupu. Ndugu zangu wa ubatizo walikuwa kwenye mikeka yao mbele, wakinipungia. Kule nyuma, nyuma ya ukuta wa makuti, nilisikia vicheko vya akina Bi Khadija. Sikujua nikae wapi, na kesho yake lori lilikuwa linakuja.

Sauti ikaita kutoka kule nyuma. "Dorkasi." Mimi nikaendelea kusimama. Ikaita tena, kwa nguvu zaidi, kwa uvivu ule ule wa kuvuta mwisho ambao nilikuwa sijausikia tangu mfungo sita, "Dorkasi wee." Mama Karisa akanigusa na mwiko, akaniambia naitwa. Nikamuuliza nani anaitwa. Akasema, "Wewe. Unaitwa na mama yako." Jina langu lilikuwa na umri wa nusu siku, na baada ya kasisi hapakuwa na mtu duniani aliyekwisha kuliita.

"Abee, mama," nikasema.

"Njoo ule. Samaki wapoa, na kesho tuna kofia ya kuanza."